Kifua cha mtoto kimebonyea: ukali wake hupimwaje?

Mwanangu ana shimo katikati ya kifua. Nianzie wapi?

Tazama anavyopumua. Shimo lililopo muda wote, hata akiwa amelala, ni umbo la mfupa wa kidari na gegedu za mbavu. Lakini kifua cha chini kikiingia ndani kila anapovuta pumzi, naye ana kikohozi, huenda ni nimonia. Usisingizie baridi ya Julai ya Mbeya au Makete; mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.

Shimo linaonekana kubwa. Ndiyo kusema ni kali?

Macho hudanganya, hasa mtoto akiwa mwembamba. Daktari hutumia picha ya CT (eksirei ya kompyuta inayoonyesha kifua kwa vipande): hugawa upana wa ndani wa kifua kwa umbali mfupi kabisa kati ya kidari na uti wa mgongo. Sentimita 22 ukigawa kwa 5.5 ni 4. Kawaida ni karibu 2.5, kuanzia 3.25 huhesabiwa kali. Namba hiyo peke yake isimpeleke mtoto chumba cha upasuaji. Moyo upigwe ultrasaundi, mapafu yapimwe, na mtoto mwenyewe aulizwe: akipanda mlima kwenda shule huachwa na wenzake? Huona aibu kuvua shati? Akiwa mrefu mno na vidole virefu, achunguzwe pia ugonjwa wa Marfan, unaogusa macho na mshipa mkuu wa damu.

Naweza kupima nyumbani?

Ndiyo, kufuatilia tu. Alale chali mahali pagumu. Laza rula juu ya kifua, nyingine isimamishe hadi chini kabisa ya shimo, usome akishatoa pumzi. Andika tarehe, rudia kila miezi 3. Ukipima leo amevuta pumzi na kesho ameitoa, utaona mabadiliko yasiyokuwepo. Anapobalehe shimo laweza kuongezeka haraka. Wakati huo usikose kliniki.

Kifua kikiwa kimetokeza mbele badala ya kubonyea?

Kifua kikiwa bado kinanyumbuka, mkanda maalumu wa kukibana hutosha mara nyingi. Mkanda unaposhindwa, sababu kubwa ni kutovaliwa. Sweta la shule huuficha vizuri; fulana ya pamba ndani huzuia michubuko. Ngozi ikichubuka, mkanda urekebishwe.

Amefanyiwa upasuaji wa shimo na kuwekewa chuma cha kuinua kidari. Tutajuaje amepona?

Chuma hukaa miaka 2 hadi 3 hivi, na kikiwa ndani kifua kitaonekana tu kimenyooka, kwa kuwa chuma ndicho kinachokishikilia. Matokeo ya kweli hupimwa baada ya kutolewa, kwa vipimo vilevile vya mwanzo. Maumivu ya ghafla au shimo kurudi ni dalili kwamba chuma kimehama: apigwe eksirei. Akikosa pumzi, mkimbizeni hospitali.