Dubu anayeongea: wazazi wanavyodhani na ninavyomwona mezani kwangu

Msimu wa korosho ukikolea na pesa za mnada zikianza kuingia, kibanda changu cha ufundi simu hapa Mtwara hubadilika kidogo. Mbali na vioo vilivyopasuka na simu zisizopeleka chaji, naletewa midoli. Si ile ya kubonyeza tumbo ikaimba wimbo mmoja mpaka nyumba nzima ikachoka. Hii ni ya siku hizi: dubu, sungura na viroboti vyenye macho ya taa, mtoto anavisemesha navyo vinamjibu kwa akili mnemba. Mzazi kanunua Kariakoo au kaagiza mtandaoni, boksi limejaa Kiingereza na Kichina, anataka nimuunganishie. Huku naunganisha, huku tunaongea. Haya ndiyo madai ya wazazi niliyoyaokota humo, na ninavyoyaona mimi.

"Akili imo humo humo ndani, ukishanunua umemaliza"

Dhana hii ndiyo inayozaa nyingine zote. Kuna dubu mmoja alidumbukia kwenye ndoo ya maji, nikafumua mshono wa mgongoni kwa wembe, nikatoa pamba, nikakuta kiboksi cha plastiki kinachoenea kiganjani. Ndani yake: betri ya lithiamu, spika, maiki ndogo kama punje ya mchele, na kibao chenye chipu ya WiFi. Basi. Baba mwenye mali alikuwa ameinama juu ya bega langu. "Sasa hiyo akili yenyewe iko wapi, fundi?"

Haiko Mtwara. Mtoto akisema neno, maiki inanasa sauti, chipu inaituma kwa intaneti hadi kwenye seva, yaani kompyuta kubwa zilizo mbali. Huko sauti inageuzwa maandishi, maandishi yanapewa mtambo wa lugha wa jamii ya ChatGPT, jibu linageuzwa sauti tena na kurudishwa kwenye tumbo la dubu. Dubu ni sikio na mdomo tu. Kwa hiyo bando likiisha, naye amekwisha. Mei 2024, nyaya za intaneti za baharini zilipokatika na nchi nzima tukawa tunasubiri meseji moja ya WhatsApp iende, mdoli wa namna hii ungekuwa mto wa kulalia.

Seva nazo zina mwenyewe. Desemba 2024 kampuni ya Embodied ya Marekani ilitangaza kwamba inafunga, na wazazi walionunua roboti yake ya watoto, Moxie, kwa dola 799 wakaambiwa roboti itaacha kufanya kazi. Haikuwa imeharibika hata skrubu moja.

(Kwa wale ambao mdoli "hauoni" simu: nyingi za chipu hizi zinashika WiFi ya 2.4 GHz tu. Ingia kwenye mipangilio ya hotspot, toa 5 GHz. Nimekuokolea hela ya fundi.)

"Boksi linasema miaka 3 na kuendelea, maana yake yanayosemwa yamepimwa"

Ile alama inahusu koo la mtoto: vipande vidogo anavyoweza kumeza vikamkaba. Haisemi lolote kuhusu maneno yatakayotoka kwenye spika.

Novemba 2025 shirika la kutetea walaji la Marekani, PIRG, lilitoa ripoti baada ya kukaa na midoli kadhaa ya aina hii na kuisemesha kwa muda mrefu. Dubu mmoja aitwaye Kumma, wa kampuni ya FoloToy, alieleza jinsi ya kuwasha kiberiti, akataja mahali visu vinapopatikana nyumbani, na akaingia kwenye mambo ya chumbani ambayo mtu mzima wa Mtwara hayasemi hadharani, seuze mbele ya mtoto. OpenAI, wenye mtambo uliokuwa ukimjibisha, wakamkatia huduma mtengenezaji, naye akamwondoa dubu sokoni kwa muda. Kinachonikaa kichwani ni hiki: watafiti waliona vizuizi vinalegea kadiri maongezi yanavyorefuka. Mzazi anayejaribu mdoli dukani kwa dakika 5 anaona adabu. Mtoto anakaa nao jioni nzima.

"Unaongea Kiswahili, na unajua kila kitu"

Unaongea, ndiyo. Kusikia ndiko kwenye kazi. Mitambo ya kutambua sauti imelelewa zaidi kwa sauti za watu wazima, na kwa Kiingereza zaidi kuliko Kiswahili. Mtoto wa miaka 4 ambaye r yake bado ni l, tena kakulia kwa bibi anayechanganya Kimakonde, ni mtihani. Binti yangu alimwambia dubu wa mteja, "Nimekula bibo," yaani lile tunda la mkorosho. Dubu akajibu kwa upole sana kwamba bibi ni mtu wa kuheshimiwa, haliwi. Tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Ila mtoto hakucheka. Alirudia "bibo, bibo" mara tatu, halafu akanyamaza na kumgeuzia mgongo.

Na kuhusu kujua. Nilimuuliza dubu huyo huyo habari za mjusi mkubwa wa kale, dinosaria wa Tendaguru, kule Lindi. Akanieleza bila kusita kwamba mifupa yake nikaitazame makumbusho ya Dar es Salaam. Uongo mtupu. Wajerumani waliichimba kati ya 1909 na 1913, wachimbaji na wapagazi wa huku kusini wakaibeba vichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi, na kiunzi kile kirefu, zaidi ya mita 13 kwenda juu, kimesimama Berlin. Mtambo wa lugha hauchungulii kitabu kabla ya kujibu. Unakisia maneno yanayoelekea kufuatana, na sauti yake haitetemeki hata mtambo ukikosea. Mwalimu asiye na hakika hukuna kichwa, na mtoto anajifunza hata kwa kule kukuna kichwa.

"Hausikilizi mpaka uitwe, na maneno ya mtoto yanabaki nyumbani"

Mingine inasubiri kitufe, mingine inasubiri jina lake, mingine maiki iko wazi muda wote ukiwashwa. Soma karatasi yake, au mwombe anayejua Kiingereza akusomee. Ila hata ule unaosubiri kitufe, maneno yakishanaswa yanasafiri kama nilivyoeleza.

Yanaweza kuvuja. Mwishoni mwa 2015 kampuni ya vifaa vya kuchezea vya watoto, VTech, iliingiliwa na wadukuzi, na taarifa za watoto zaidi ya milioni 6 zikachukuliwa. Februari 2017 midoli ya CloudPets ikaonekana imeacha hifadhi yake wazi mtandaoni, na rekodi zaidi ya milioni 2 za sauti za watoto na wazazi wao. Mwezi huo huo Ujerumani ilipiga marufuku mwanasesere aitwaye Cayla, ikamhesabu kuwa kifaa cha kunasa mazungumzo kwa siri, na wazazi wakatakiwa wamharibu. Yeyote aliyekuwa karibu na mwanasesere, akiwa na simu mkononi, aliweza kuunganisha Bluetooth na kumsemesha mtoto bila namba ya siri yoyote.

Kwetu ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na taarifa za watoto inazihesabu kuwa nyeti. Nzuri. Lakini wewe uliyenunua kwa mchuuzi asiye na risiti, mdoli wa kampuni usiyoijua, utamshtaki nani? Mimi nikiunganisha siandiki jina kamili la mtoto, wala shule, wala tarehe yake ya kuzaliwa. Programu ikilazimisha, naandika tarehe ya kubuni. Wateja wengine wananiona mkorofi.

"Mdoli ukimfundisha, mimi napumzika"

Anayesema mashine haifundishi kitu naye anakosea. Watafiti wa Marekani, akiwamo Ying Xu, walisomea hadithi watoto wa miaka 3 hadi 6. Wale walioulizwa maswali njiani na mashine walielewa hadithi kuliko waliosikiliza tu, karibu sawa na walioulizwa na mtu. Lakini angalia: maswali yale yalitungwa na watafiti kwa ajili ya hadithi ile. Si dubu anayeropoka lolote linalokuja.

Kwa wachanga habari ni nyingine. 2003 Patricia Kuhl na wenzake kule Seattle waliwachukua watoto wa miezi 9 waliozoea Kiingereza, wakawasikilizisha Kichina. Waliochezewa na mtu aliye hai walizishika sauti za lugha ile. Waliopewa watu wale wale kwenye video hawakushika kitu. Na 2018 utafiti wa Rachel Romeo ulionyesha kwamba kwa watoto wa miaka 4 hadi 6 kinachohusiana zaidi na ubongo unavyochakata lugha ni mara ngapi mtoto na mkubwa wanapokezana maneno. Wingi wa maneno anayomiminiwa peke yake hautoshi.

Hilo nililiona kwa macho Mikindani, kwa mama yangu, umeme umekatika na dubu ana chaji. Binti akamtega: "Kitendawili!" Dubu hakusema "Tega," alisema "Ndiyo, rafiki!" Haya. "Nyumba yangu haina mlango." Sekunde mbili tu: "Ni yai!" kisha somo la protini. Mchezo umekwisha. Mtoto akamgeukia bibi yake na kutega kile kile.

"Kaburi?" akasema bibi.

"Siyo!"

"Kibuyu?"

"Siyo bibi! Nipe mji."

"Chukua Newala."

"Newala sitaki, kule baridi."

"Haya, Lindi hiyo."

Akaenda Lindi. Akapanda basi, akala pweza, akakutana na shangazi, akapoteza kiatu, akarudi, na baada ya yote hayo ndipo akasema ni yai. Bibi alikuwa analijua jibu tangu alipokuwa mdogo kuliko yeye.

Siku hizi mteja akiniuliza mdoli utumikeje, namwambia akae hapo hapo, dubu akishajibu amuulize mtoto: "Wewe waonaje, kweli hivyo?" Wengi wanakubali kwa kichwa na kuomba risiti.

"Ni jini"

Hii sikuitegemea, lakini imeletwa. Bibi mmoja kutoka Tandahimba alikuja na mjukuu wa kiume, na ndani ya kanga dubu aliyefungwa mdomo kwa kitambaa. Usiku amemsikia akijiongelesha peke yake. Nikamwamkia, nikamweleza kwamba pengine amesikia neno linalofanana na jina lake akajibu, na kwamba nyuma kuna swichi ya kuzima. Nikamwonyesha swichi. Akaitazama, akanitazama.

"Mjukuu wangu, we kitoe tu kinachomfanya aongee."

Nikatoa betri na kile kibao, nikashona mgongo. Elfu mbili. Kijana akamkumbatia dubu wake wa pamba, na walipokuwa wanavuka barabara nikamsikia anamuuliza kama ana njaa.