Je, wajua kwa nini jicho kavu hutoa machozi, na karatasi ndogo hueleza nini?

Mwendesha bodaboda anayeshinda katika vumbi na upepo wa barabara za Kampala, au mama anayepikia makaa katika chumba kisicho na dirisha, huenda akalalamika kwamba macho yanamchoma kana kwamba yameingia mchanga, huku machozi yakimtiririka. Akiambiwa kwamba ana ugonjwa wa macho makavu, hushangaa, na ana haki ya kushangaa.

Utando wa machozi una mafuta yatokayo kwenye tezi za kingo za kope, maji ya tezi za machozi, na ute unaoyawezesha maji hayo kutandaa na kushikamana na jicho. Ute huo hutengenezwa kwa sehemu kubwa na seli za gobleti, zenye umbo la kikombe, zilizotawanyika katika konjaktiva, yaani utando laini unaofunika weupe wa jicho na upande wa ndani wa kope. Seli hizo zikipungua, machozi hutengana kabla mtu hajapepesa, jicho huwashwa, nao mwili hujibu kwa kumwaga maji zaidi, ambayo huishia mashavuni.

Kipimo cha Schirmer, ambapo kijikaratasi huning'inizwa kwenye kope ya chini kwa dakika 5, hupima wingi wa maji tu. Hakisemi lolote kuhusu hali ya seli. Mwaka 1977 watafiti Egbert, Lauber na Maurice walieleza njia nyepesi ya kuziona seli hizo. Jicho hutiwa dawa ya ganzi, kipande cha karatasi ya kuchujia ya asetati ya selulosi hukandamizwa taratibu juu ya konjaktiva kwa sekunde chache, kisha hubanduliwa, nacho huondoka na tabaka la juu la seli. Hakuna kisu wala mshono.

Karatasi hiyo hutiwa rangi na kutazamwa kwa hadubini, na hapo ndipo ninapoona uzuri wa kipimo hiki. Katika jicho lenye afya, seli ni ndogo, zimebanana, zina viini vikubwa, na katikati yake seli za gobleti zimenona, ute wake ukiwa umekolea wekundu wa zambarau. Katika jicho lililougua, seli hupanuka na kuwa bapa, viini husinyaa, na zile za zambarau huadimika: kwa vipimo vya Nelson, mtaalamu wa macho aliyepanga viwango vya kusoma karatasi hizi, seli za gobleti zaidi ya 500 katika milimita moja ya mraba ni afya, na chini ya 100 ni hali mbaya kabisa. Konjaktiva huwa imeanza kufanana na ngozi ya kawaida.

Picha hiyo peke yake haimtaji mkosaji. Upungufu wa vitamini A huziangamiza seli za gobleti. Makovu ya trakoma, maradhi ya macho ya kuambukiza yaliyowatesa watu wa Karamoja na Busoga nchini Uganda kwa miaka mingi, nayo hufanya hivyo. Hata benzalkoniamu kloridi, kihifadhi kilichomo katika dawa nyingi za matone, huzidhuru ikitumiwa kwa muda mrefu. Kwa hiyo daktari huisoma karatasi pamoja na historia ya mgonjwa. Chanzo kikishapatikana na kutibiwa, karatasi ya pili, ikichukuliwa baada ya miezi kadhaa, huonyesha kama zile seli za zambarau zimeanza kurudi.