Do ya kwaya na C ya piano

Mwanakwaya anapokuja kwetu kujifunza piano, swali lake la kwanza mara nyingi ni hili: "Mwalimu, do iko wapi hapa?" Nami humuuliza: wimbo wenu umeandikwa do ni nini? Juu kabisa ya karatasi ya solfa (nota za do, re, mi), pembeni, huwa pameandikwa ufunguo: do ni F, do ni G. Wengi hupapita bila kupatazama, na jibu liko papo hapo.

Solfa ya d r m f s l t tunayoimba kwenye kwaya zetu ilizaliwa Uingereza katika karne ya 19. Mwalimu Sarah Glover wa Norwich ndiye aliyeianza, kisha mchungaji John Curwen akaiboresha na kuieneza. Huku ilikuja na wamisionari. Katika solfa hii do haina makao. Inakaa popote wimbo unapoanzia ngazi yake, yaani mfuatano wa sauti kutoka d hadi d ya juu. C ya piano haihami.

Piano kamili ina vibonyezo 88: vyeupe 52 na vyeusi 36. Vyeusi vimepangwa viwili, kisha vitatu, kisha viwili tena. Cheupe kinachogusana na ubavu wa kushoto wa vile viwili ndicho C. Ukienda kulia unapata D, E, F, G, A, B, halafu C nyingine. Kati ya E na F hakuna cheusi, wala kati ya B na C. Hatua hizo mbili ni nusu sauti tu. Sasa imba polepole: d, r, m, f. Umesikia m na f zilivyokaribiana? T na d nazo ni hivyo hivyo. Ndiyo maana do ikiwa C, ngazi nzima inalala juu ya vyeupe.

Hamishia do kwenye F. R ni G, m ni A, na f inapaswa kuwa nusu sauti tu juu ya A. Hicho ni kibonyezo cheusi, B flati, yaani B iliyoshushwa nusu sauti. Ukibonyeza B nyeupe, kwaya nzima itakugeukia.

Vinanda vya umeme vina kitufe cha kuhamisha ufunguo, na wapigaji wengi wamejificha hapo: wanajua ufunguo mmoja, mengine wanaachia mashine. Sikikatazi. Ila siku ukikalishwa mbele ya piano ya mbao, kitufe hicho hakipo.

Nota yenyewe (noti ni za benki) ni kasi ya mtikisiko. A iliyo juu ya C ya kati hutikisika mara 440 kwa sekunde, kipimo kinachotambuliwa na shirika la viwango la kimataifa, ISO. A inayofuata juu ni 880. Uzi wa tano wa gitaa, ukiwa wazi, ni 110: nao ni A, oktava mbili chini (oktava ni kutoka A moja hadi A inayofuata). Majina ni yale yale, ala ndiyo imebadilika.

Tarumbeta ndiyo huwachanganya watu. Tarumbeta ya kawaida ni ya B flati: mpigaji akisoma C, kinachosikika ni B flati ya piano. Kwa hiyo piano ikipiga katika ufunguo wa F, yeye hupiga katika G. Saksafoni ya alto, ambayo ni ya E flati, hupiga D. Hakuna aliyekosea.

Taarabu ya Unguja ina jambo jingine. Baadhi ya makamu (ngazi za muziki) za Kiarabu, kama Rasti, zina sauti inayokaa kati ya E na E flati. Piano haina kibonyezo cha hapo. Udi na fidla havina vizuizi shingoni, kidole huipata chenyewe. Kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, ina vijiti vidogo vya kuinua na kushusha uzi. Mpiga kinanda akifika kwenye sauti hiyo, na iwe ni zamu ya fidla, aondoe mkono.