Oksijeni wodini: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Ukishaona amewekewa gesi, basi." Maneno haya husemwa nje ya wodi, na yapo ambayo yamemfanya ndugu amvue mgonjwa mipira ya puani kwa mkono wake mwenyewe. Inaniuma kila nikiyasikia. Oksijeni haimalizi mtu. Anayefariki akiwa nayo mara nyingi kaletwa amechelewa. Watoto wengi wenye nimonia huwekewa siku chache, wakaondolewa, wakarudi nyumbani.

Dhana ya pili ina madhara makubwa zaidi, na hata sisi wahudumu tunayo: kwamba ukifungua zaidi, mgonjwa atapata nafuu upesi. Hapana. Oksijeni ni dawa, ina dozi, na dozi yake husomwa kwa kipimo kinachobanwa kidoleni, kinachoonyesha oksijeni iliyomo kwenye damu. Kwa watu wazima wengi, asilimia 94 hadi 98 zinatosha. Damu ikishafika hapo, unachoongeza hakina pa kubebwa. Mwenye ugonjwa sugu wa mapafu kwa sigara au moshi wa kuni hulengwa 88 hadi 92, maana ikizidi hewa chafu inaweza kumjaa mwilini akasinzia. Mtoto njiti akizidishiwa anaweza kupofuka.

Sasa piga hesabu ya mtungi mkubwa wa lita 6,800. Kwa lita 15 kwa dakika unaisha baada ya saa saba na nusu. Kwa lita 5, karibu saa 23. Kwa lita 2, zaidi ya siku mbili. Halafu mgonjwa kaenda chooni, mipira iko juu ya mto inatoa mlio, kigololi kinachoonyesha lita kwa dakika kimesimama kwenye 6, na hakuna anayefunga.

Barakoa si bora kuliko mipira ya puani. Barakoa ya kawaida chini ya lita 5 humrudishia mgonjwa hewa aliyoitoa.

Na koki ya mtungi ikikaza, usipake mafuta. Hushika moto.

Kipimo cha kidoleni nacho kisiaminiwe kama mizani ya dhahabu. Piko, rangi ya kucha na vidole vya baridi hukipotosha. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kilishindwa kugundua upungufu karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Kikisoma 93 huku mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi, usipunguze, mwite daktari.