Bakapu Nzima, Seva Haiwaki: Kurudisha Data Kwenye Mashine Isiyo Yake

Radi za huku Ziwa Victoria hupenda usiku. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu. Usiku hugeuka, ukaingia ziwani kutoka pande zote, ukakutana na kupandisha mawingu. Msimu mmoja wa masika, ghala moja la samaki Kirumba, Mwanza, liliamka na seva iliyokufa. UPS, ile betri ya akiba ya umeme, ilikuwa nzima kabisa. Radi ilipita kwenye kebo ya mtandao inayokwenda kwenye kamera ya getini, ikaua swichi, ikamalizia kwenye mazabodi, yaani bodi kuu ya seva.

"Fundi, bakapu si ipo?" mhasibu akaniuliza.

"Ipo, mama."

Na kweli ilikuwepo: picha (nakala kamili) ya seva nzima kwenye diski ya nje, iliyochomolewa jioni na kufungiwa kabatini. Ingeachwa imechomekwa, ingeungua na mwenzake. Shida ilikuwa pa kuirudishia. Mashine ya aina ileile hatukuipata mjini. Tulipata ya kampuni nyingine, yenye kontrola tofauti ya diski, yaani chipu inayoiendesha diski. Urudishaji ukachukua saa tatu, ukaisha bila kosa hata moja. Nikawasha. Skrini ikageuka bluu: INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, 0x0000007B.

Hapa ndipo nimeona mafundi wengi wakiilaumu bakapu na kuanza kuirudisha upya, mara ya pili, mara ya tatu. Tafadhali usipoteze siku yako hivyo. Data iko salama. Kompyuta inapowaka, programu iliyomo kwenye mazabodi ndiyo husoma diski mwanzoni na kuipakia keneli, kiini cha mfumo wa uendeshaji, kwenye memori. Keneli ikishashika usukani, inaanza kusoma diski kwa draiva zake yenyewe, yaani programu ndogo za kuongea na vifaa. Draiva iliyonayo ni ya kontrola iliyoungua. Kwa hiyo haiioni diski ambayo yenyewe imetolewa humo sekunde chache tu zilizopita.

Dawa ni kuiwekea draiva mpya ingali imelala. Washa mashine kwa flashi ya kusakinishia Windows, ingia sehemu ya ukarabati, fungua dirisha la amri. Angalia kwanza herufi za diski kwa diskpart, maana ile C uliyoizoea huenda hapo inaitwa D. Kisha piga amri hii, ambapo D ni diski ya seva na E ni flashi yenye draiva:

dism /image:D:\ /add-driver /driver:E:\draiva /recurse

Draiva ziwe zimefunguliwa, zenye faili za .inf. Faili la .exe ulilopakua kwa mtengenezaji halitakusaidia hapa. Ghala lile liliwaka kwa amri hiyo moja.

Kwenye Linux ugonjwa ni uleule, jina tu ndilo tofauti. Familia ya Red Hat hutengeneza initramfs (kifurushi kidogo cha kuwashia mfumo) yenye draiva za mashine husika peke yake, lakini kwenye menyu ya kuwashia kwa kawaida kuna chaguo la "rescue" lenye draiva za kila aina. Ingia kwa hilo, kisha piga dracut -f --regenerate-all ili kukitengeneza upya kifurushi hicho. Debian kwa kawaida hubeba draiva nyingi tangu mwanzo, hivyo huwaka bila ugomvi. Chungulia pia /etc/fstab, faili lenye orodha ya diski: kama zimeandikwa /dev/sda badala ya UUID (kitambulisho kisichobadilika), mashine mpya inaweza kuzipa majina mengine. Kadi ya mtandao nayo hubadili jina, eno1 ikawa enp3s0, na anwani uliyoipanga ikabaki kwa kadi iliyokufa.

Mashine ikikataa hata kufika kwenye keneli, tazama kama seva ya zamani iliwaka kwa BIOS, njia ya zamani ya kuwashia, na hii mpya inataka UEFI, njia mpya.

Tangu siku ile, bakapu ya kila mteja wangu naijaribu kwa kuirudisha kwenye mashine pepe, kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta nyingine. Hiyo nayo ni mashine ngeni kwa seva, kwa hiyo kasoro za draiva hujitokeza mapema, wakati ghala bado linafanya kazi. Mtandao wake naukata kwanza, zisije seva mbili zikagombea anwani moja.

Tukarudi Kirumba. Seva imewaka, nimeshaanza kukunja kebo, mhasibu akaita tena: kompyuta za ofisini zinakataa nywila za watu. Kwenye skrini ya seva ilisomeka saa nane mchana. Nje ilikuwa saa kumi na moja jioni. Mashine ile ilitumika na Linux kabla yetu, na Linux huiwekea mazabodi saa ya UTC (saa ya dunia), wakati Windows huisoma kama saa ya hapa, ikawa nyuma kwa saa tatu. Kerberos, mfumo wa Windows wa kuhakiki wanaoingia kwenye mtandao, kwa kawaida hukataa kuingiza mtu pale saa zikipishana zaidi ya dakika 5. Nikaisogeza saa, na mwenye mizani akawa wa kwanza kuingia.