Gonga na kimbia: yanayosemwa kuhusu "miaka kumi ya India" na yaliyomo kwenye sheria

Tarehe 2 Januari 2024, mji wa Chandigarh kaskazini mwa India ulitangaza mgao wa mafuta: pikipiki lita 2, gari dogo lita 5, na hakuna zaidi. Visima havikuwa vimekauka. Madereva wa malori na wa matangi ya mafuta walikuwa wameegesha tangu siku iliyotangulia, na foleni za vituo vya petroli zikavimba katika majimbo kadhaa. Walikuwa wakipinga kifungu kimoja tu cha sheria mpya ya jinai, kinachompa kifungo cha hadi miaka kumi dereva anayegonga mtu akafa, kisha akatoroka. Jioni hiyo katibu wa wizara ya mambo ya ndani, Ajay Bhalla, aliketi na viongozi wa wasafirishaji, wakaahidiwa kwamba kifungu hakitaanza kabla ya kushauriana nao. Magari yakaanza kurudi barabarani.

Tangu hapo "miaka kumi ya India" imekuwa mfano wa kila mahali. Dereva akimwacha mtembea kwa miguu amelala barabarani, hutokosa mtu wa kuuliza: India wamethubutu, sisi tunangoja nini? Hasira hiyo naielewa. Ila mengi yanayosemwa kuhusu sheria hiyo hayamo kwenye sheria yenyewe.

"India sasa dereva anayetoroka anafungwa miaka kumi"

Sheria ipo. Inaitwa Bharatiya Nyaya Sanhita, Bunge liliipitisha Desemba 2023, na ilichukua nafasi ya Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1860 waliyoachiwa na Waingereza. (Kanuni hiyo ya zamani iliwahi kutumika hata Kenya na Tanganyika, kabla ya kila nchi kuwekewa kanuni yake mwaka 1930.) Kifungu cha 106 kina sehemu mbili zinazotuhusu. Ya kwanza inasema anayesababisha kifo kwa uzembe anaweza kufungwa hadi miaka 5. Ya pili ndiyo iliyoleta mgomo: akisababisha kifo kwa kuendesha kwa uzembe, kisha akatoroka bila kutoa taarifa kwa polisi au hakimu mara baada ya tukio, anaweza kufungwa hadi miaka 10 na kutozwa faini.

Sheria nzima ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2024. Sehemu hiyo ya pili ikaachwa nje. Tangazo la serikali la Februari mwaka huo liliitenga kwa namba yake na halikuipa tarehe nyingine yoyote.

Matokeo yake ni ya ajabu kidogo. Chini ya kifungu hiki, dereva aliyesimama akamfunga majeruhi jeraha kwa shati lake na dereva aliyezima taa akayoyoma wote wawili wanakabiliwa na kikomo kilekile cha miaka 5. Mtoro anaweza kuongezewa kosa la kutotimiza wajibu wake chini ya Sheria ya Magari ya 1988, lakini kosa hilo ni la miezi tu. Tofauti kubwa ambayo Bunge lilitaka kuiweka kati ya watu hawa wawili iko kwenye karatasi, haijafika mahakamani.

"Na faini yake ni rupia laki saba"

Namba hii ilisambaa sana wakati wa mgomo, ikawa inarudiwa kama aya ya kitabu. Soma kifungu mwanzo hadi mwisho: kinasema mkosaji atatozwa pia faini, basi. Hakuna laki saba, hakuna laki moja. Kiasi ameachiwa hakimu.

Miaka 10 nayo ni kikomo cha juu. Si kwamba kila atakayepatikana na hatia anahesabiwa 10.

"Kabla ya hapo walikuwa wanafungwa miaka miwili tu"

Miaka 2 ndiyo ilikuwa adhabu ya juu ya kusababisha kifo kwa uzembe, na ni kweli kesi nyingi za barabarani ziliishia hapo. Lakini waendesha mashtaka walikuwa na kifungu kizito zaidi mkononi siku zote: kuua bila kukusudia, pale mtu anapojua kwamba kitendo chake huenda kikaua. Kikomo chake ni miaka 10.

Januari 1999 mjini Delhi, BMW iliparamia watu usiku, sita wakafa, watatu kati yao wakiwa polisi. Gari halikusimama. Kesi ilizunguka mahakamani miaka zaidi ya kumi na mbili, mashahidi wakibadilika, na mwaka 2012 Mahakama ya Juu ilishikilia kwamba kosa lilikuwa hilo zito la kuua bila kukusudia, si uzembe tu. Kifungo chenyewe? Miaka 2 ambayo mshtakiwa alikuwa ameshaitumikia, pamoja na faini ya rupia laki hamsini na kazi za huduma kwa jamii. Sheria ya miaka 10 ilikuwepo, na iliguswa, lakini miaka 10 haikutoka.

Kesi hiyo inajibu pia wale wanaodhani mtoro ni dereva wa lori tu. Kifungu kipya hakimtaji dereva wa lori mahali popote. Mwenye gari la kifahari anayetoka sherehe usiku kimemkabili vilevile. Madereva wa malori walikuwa na sababu ya kujihisi wamelengwa, kwa sababu kwenye ajali yoyote lawama humwangukia mwenye gari kubwa kabla hata vumbi halijatulia. Lakini hiyo ni tabia ya watu, haikuandikwa na Bunge.

"Sheria inamtaka dereva abaki pale auawe na watu"

Hii ndiyo hoja yenye uzito kuliko zote, na anayeibeza hajawahi kukaa nyuma ya usukani wa lori lililozingirwa. Afrika Mashariki hatuhitaji kufundishwa maana ya wananchi wenye hasira kali. Bodaboda akigongwa, wenzake wanafika kabla ya polisi, na kuna magari yaliyochomwa moto kabla hata haijajulikana nani alikuwa na kosa.

Sheria za India zinalijua hilo. Kifungu cha 134 cha Sheria ya Magari ya 1988 kinamtaka dereva ahakikishe majeruhi anapata matibabu, isipokuwa pale ambapo ghadhabu ya umati au sababu nyingine iliyo nje ya uwezo wake inamzuia. Umati umetajwa wazi. Na kifungu kile cha miaka 10 hakisemi dereva asiondoke. Kinamlenga anayetoroka bila kutoa taarifa. Anayeendesha moja kwa moja hadi kituo cha polisi na kusema "nimegonga mtu pale darajani, watu walitaka kuniua" si mtoro mbele ya sheria hiyo.

Kenya ni hivyohivyo kwa kiasi kikubwa. Kifungu cha 73 cha Sheria ya Trafiki kinamtaka dereva asimame na kutoa jina na anwani yake. Kama hakufanya hivyo, aripoti polisi mapema iwezekanavyo, na kwa vyovyote ndani ya saa 24. Hapo kuna dhana ndogo iliyojificha: wapo wanaozisoma saa 24 kama ruhusa ya kwenda kulala kwanza. Saa 24 ni ukuta wa mwisho. Neno linalotangulia ni "mapema iwezekanavyo", na hakimu atataka kujua kwa nini ulipita mbele ya vituo viwili bila kusimama.

Udhaifu wa kifungu cha India ninaouona mimi upo kwenye maneno "mara baada ya tukio". Hayakupewa kipimo. Dereva aliye kwenye barabara kuu usiku, simu haina mtandao, kituo cha karibu kiko kilomita arobaini, ameripoti baada ya saa mbili: ni mara baada au siyo? Jibu lake linatenganisha miaka 5 na miaka 10. Wagomaji wangesimamia hoja hiyo peke yake, wangekuwa na kesi nzuri sana.

"Kwetu sheria ni laini, ndiyo maana wanakimbia"

Kenya, anayesababisha kifo kwa kuendesha kwa hatari anaweza kufungwa hadi miaka 10, awe amekimbia au amebaki. Namba tunayoionea wivu India tunayo nyumbani tayari.

Wanaodai adhabu kali hawakosei kudai. Wanakosea mahali pa kuiweka. Mtu aliyegonga huku amelewa ana sekunde chache za kuamua, na hesabu anayoipiga ni moja: nikibaki nitapimwa pumzi sasa hivi, nikiondoka, kesho asubuhi pombe imekwisha mwilini. Ikiwa kosa la kutoroka ni dogo kuliko kosa la kuua ukiwa umelewa, sheria yenyewe inamwonyesha mlango wa kutokea.

Uingereza ni mfano mzuri wa mlango huo. Mwaka 2022 kikomo cha adhabu ya kusababisha kifo kwa kuendesha kwa hatari kilipandishwa kutoka miaka 14 hadi kifungo cha maisha. Kosa la kutosimama baada ya ajali likabaki na kikomo cha miezi 6. Ukikimbia na ushahidi wa ulevi ukapotea, unaweza kubaki na hilo dogo.

Florida, nchini Marekani, waliliona pengo hilo wakaliziba. Anayeua kwa gari akiwa amelewa alikuwa akikabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 4. Mwaka 2014 jimbo liliweka kima hichohicho cha chini, miaka 4, kwa anayeondoka kwenye ajali iliyoua. Hawakutafuta namba ya kutisha. Walisawazisha mizani ili kukimbia kusiwe na faida.

Korea Kusini wako mbali zaidi: anayeua na kutoroka hafungwi chini ya miaka 5, na anaweza kufungwa maisha. Hata hivyo mwaka 2024 mwimbaji maarufu Kim Ho-joong aligonga teksi mjini Seoul akaondoka, na suala la watu kunywa pombe zaidi baada ya ajali ili kuvuruga vipimo likawa gumzo la nchi. Bunge lao likapitisha marufuku ya ujanja huo. Ukiziba mlango, watu hujaribu dirisha, na sheria inabidi ifuate kila safari.

Kuna jambo lingine ambalo miaka ya kifungo haiwezi kulifanya, nalo ni kumtambua aliyekimbia. Kamera, namba za gari zinazosomeka usiku, polisi anayeokota vipande vya taa vilivyovunjika na kuvifuatilia gereji. Dereva anayeamini hatapatikana hatishwi na 10, wala 30.

"Ukimbeba majeruhi utageuzwa mshtakiwa"

India waliliandikia kifungu mwaka 2019: anayemsaidia majeruhi kwa nia njema hashtakiwi wala hadaiwi fidia kwa msaada wake, na kanuni zilizofuata zinasema hakuna wa kumlazimisha kutaja jina lake. Huku kwetu hofu hii imeshikamana na karatasi za polisi, PF3 kwa Tanzania na P3 kwa Kenya, hata watu wakadhani daktari hagusi majeruhi mpaka karatasi ije. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Karatasi ni ya ushahidi, inaweza kufuata.

"Gari halijulikani, basi hakuna fidia"

Mwaka 2022 India ilirekodi ajali 67,387 za gonga na kimbia, zilizoua watu 30,486. Hiyo ni zaidi ya mtu mmoja katika kila sita waliokufa barabarani mwaka huo. Kwa familia ambayo gari halikupatikana, kifungo cha miaka 10 hakina mtu wa kukibeba. Kilichopo ni mfuko wa fidia: tangu Aprili 2022 unalipa rupia 200,000 kwa kifo na 50,000 kwa majeraha makubwa, badala ya 25,000 na 12,500 za zamani.

Tatizo ni kwamba wanaoomba ni wachache mno, wengi hawajui kwamba mfuko upo. Januari 2024 Mahakama ya Juu ya India iliagiza kwamba mwezi mmoja ukipita tangu ajali iandikishwe na gari halijatambuliwa, mkuu wa kituo cha polisi amwandikie majeruhi, au warithi wa marehemu, kuwajulisha kwamba wanaweza kudai fidia. Ikaitaka pia serikali ifikirie kuzipandisha zile rupia 200,000.