Kuhuisha ufukwe wa mji maana yake nini hasa?

Ukisikia watu wa mipango miji wanasema "kuhuisha ufukwe wa mji" usidhani ni kupaka ukuta rangi, kupanda minazi miwili mitatu na kuweka herufi kubwa za kupigia selfi. Maana yake ni ule ukingo wa bahari au mto ulioko katikati ya mji, ambao umeliwa na maghala, meli na magari, urudi kuwa mahali mtu anafika kwa miguu, anakaa, anapiga stori hata kama hana senti mfukoni na hakuna wa kumuuliza anafanya nini pale.

Uliliwaje sasa? Miji mingi imeanzia majini kwa sababu ya mizigo. Forodhani ya Unguja jina lenyewe linakwambia, forodha ilikuwa pale, mzigo unashuka mbele ya Ngome Kongwe na Beit al Ajaib, baadaye mambo ya bandari yakahamia Malindi na miaka ya 1930 pale pakafanywa bustani. Unguja walibahatika maana kwingine nafasi ya namna hiyo inamezwa na barabara. Paris walipitisha barabara ya magari ya kasi ukingoni mwa mto Seine mwaka 1967, na kipande cha katikati ya mji upande wa kulia wa mto hawakukifungia magari mpaka 2016. San Francisco ndo kali zaidi, walikuwa na barabara ya juu ya ghorofa mbili imekaa kati ya mji na bahari, tetemeko la 1989 likaiharibu, na badala ya kuitengeneza wakaanza kuivunja 1991.

Turudi Forodhani. Bustani ilikuwa imechoka kweli, ikafanyiwa kazi na taasisi ya Aga Khan ya mambo ya utamaduni pamoja na serikali, ikafunguliwa upya 2009. Watu wanasifia majani na njia za kutembelea, lakini mimi naona kazi yenyewe ni ile huioni, ukuta wa bahari, mitaro, maji taka, nyaya za taa, kwa sababu ukuta ukiwa mbovu mawimbi yanachimba kwa chini taratibu na siku moja benchi lako zuri liko baharini.

Halafu wale wauza chakula wakarudi. Hapa ndo miradi mingi inafeli, eneo linang'aa ila mama urojo na kijana wa mishkaki wameambiwa wanachafua mandhari, matokeo yake saa mbili usiku pamebaki askari na taa. Hata ufukwe wa Mama Ngina kule Mombasa uliofunguliwa upya 2019, toa madafu na mihogo uone kama kuna mtu atakuja kuangalia zege! Na pale Forodhani wale vijana wa makachu, yaani wa kuruka baharini, jua likizama wanatoka mbio wanajirusha kutoka ukutani, wengine wanageuka hewani mara mbili, hiyo sidhani kama kuna injinia aliichora popote, aliacha ukuta wazi tu bila kuuzungushia vyuma, basi watu wakajua wenyewe cha kufanya.

Ila pale kasoro ipo. Kati ya bustani na Ngome Kongwe barabara bado inapita, kwa hiyo ukitoka vichochoroni Mji Mkongwe unatembea vizuri kabisa mpaka hatua thelathini za mwisho ndo unasimama kusubiri magari, wakati neno lenyewe ni ufukwe wa waenda kwa miguu. Mara ya mwisho nilisimama hapo na mwanangu, yeye glasi ya miwa mkononi, vespa zinapita hazikatiki, mpaka muuza kahawa mmoja akaingia barabarani akanyanyua dele lake juu kama trafiki, vespa zikasimama, tukavuka.